Kumbe "wicked" ni "vibaya" yao

Mwezi wangu wa kwanza kazini, katika nyumba ya wazee hapa Lowell, Massachusetts, nilikuwa namfunga mzee mmoja vifungo vya sweta. Vidole vyake hutetemeka, havishiki kifungo. Nilipomaliza akanitazama usoni, akaniambia mimi ni "wicked good". Hiyo good sikuisikia kabisa. Nilisikia wicked, neno nililolijua kutoka Biblia ya Kiingereza kanisani kwetu Mombasa: yule mwovu wa Mithali 28, anayekimbia na hakuna anayemfukuza. Nikaingia stoo ya mashuka, nikalia.

Aliyenikuta humo ni dada mmoja wa Kiambu aliyeishi hapa miaka mingi (Wakenya tuko wengi Lowell). Akanieleza kwamba watu wa pande hizi, Boston hadi Maine, wakitaka kulitia neno nguvu hulitangulizia wicked. Baridi ikizidi ni wicked cold, mtoto mwenye akili nyingi ni wicked smart. Ndiyo "sana" yao. Uingereza nako watu hulisema peke yake, wicked!, wakimaanisha safi kabisa.

Tangu siku hiyo nalifuatilia neno hili. Katika Kiingereza lipo tangu karne ya 13, na wanaisimu wengi hulihusisha na wicca, neno la kale la mchawi wa kiume. Hapa wapo wanaosema lilianzia Salem, kwenye zile kesi za uchawi za 1692, ambapo watu 19 walinyongwa. Kutoka kwetu hadi Salem kwa gari haifiki saa moja, kwa hiyo hadithi hiyo inanoga, lakini neno lenyewe ni kongwe kuliko huo mji.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata sisi tunalo. Nyumbani ukimwambia mtu amependeza vibaya, atatabasamu. Njaa inaniuma vibaya. Nakupenda vibaya. Mchezaji akiwapita mabeki wote tunamwita hatari, au mchawi wa mpira, na hakuna anayemkimbilia mganga.

Nilimsimulia mzee haya yote huku namchania nywele. Akataka nimfundishe, akawa analirudia neno hilo polepole, silabi kwa silabi, kisha akaniuliza na baridi tunaiitaje. Kesho yake theluji ilikuwa imefika usawa wa dirisha. Hata sijamsalimu, akanyoosha kidole nje: "Baridi vibaya."