Blues sio muziki wa kukaa kwenye kiti

Jumamosi nilikuwa kwenye shoo ya blues hapa Chicago, South Side, ukumbi wa mtaani tu sio zile klabu za mjini wanakojazana watalii. Ratiba ilikuwa hivi: kwanza mzee mmoja anapiga gitaa na kuimba, watu mmekaa, alafu viti vinatolewa linaanza dansi mpaka saa nane usiku.

Bendi yenyewe ndogo jamani. Mzee na gitaa lake la umeme, besi, dramu na jamaa wa harmonika, basi. Sie tuliokulia Dar na Msondo na Sikinde, magitaa kibao na tarumbeta zimejipanga, unaangalia jukwaa unajiuliza wenzao wako njiani au vipi. Ila walivyoanza! Blues nyingi zinazunguka kodi (chords) tatu tu za gitaa, anaimba mstari, anaurudia, alafu wa tatu ndo unajibu, na kila akinyamaza gitaa linamalizia maneno yake. Kuna wimbo aliuacha gitaa limalizie mistari yote na watu wakaitikia kama vile limetamka kweli.

Lakini kukaa kule mi kulinikera kidogo. Watu wametulia wanatikisa vichwa kama wako kwenye semina. Wakati huu muziki ulikulia kwenye vibanda vya pombe vya watu weusi huko Mississippi, Jumamosi usiku, watu wametoka kuvunjika mgongo kwenye pamba wanataka kucheza. Hata gwiji wa blues Muddy Waters alivyohamia Chicago 1943 akaja kushika gitaa la umeme, sababu kubwa ni kelele za baa, la mbao lilikuwa halisikiki.

Mzee mwenyewe akatukumbusha katikati ya shoo, akahadithia kisa cha B.B. King, gwiji mwingine wa gitaa la blues, kwamba 1949 alikuwa anapigia dansi pale Twist, Arkansas, kipindi cha baridi, ukumbi unapashwa moto na pipa lenye mafuta ya taa katikati ya sakafu, wanaume wawili wakazipiga pipa likaanguka ukumbi wote ukashika moto, B.B. King yuko nje akakumbuka gitaa kaliacha ndani akarudi kulitoa nusura afe. Kesho yake anasikia walikuwa wanamgombania mwanamke anaitwa Lucille, ndo akalipa gitaa jina hilo. Mnaona lakini? Hata hicho kisa kilitokea dansini, hakuna aliyekuwa amekaa anatikisa kichwa.

Haya, viti vikatoka. Mzee akapiga kama nusu saa nyingine, na mi naapa zilikuwa nyimbo zilezile za mwanzo ila sasa zina uzito, dramu inapiga polepole na miguu ya watu inaburuza sakafuni pamoja nayo, akiona wamenogewa harudi kwenye kuimba, anazungusha tu. Mpiga solo yeyote wa dansi kule kwetu anaijua hiyo, huwezi kukata watu wakishakolea.

Hapo unaomba mtu yeyote mcheze, wimbo ukiisha mnashukuriana unabadilisha, na wanawake wanaomba vilevile. Mama mmoja umri wa bibi yangu kabisa akanivuta, akanambia we mwanangu punguza miguu, kunja magoti, sikiliza besi. Yule mama hajatoka kwenye kigae kimoja cha sakafu wimbo mzima na bado alikuwa anacheza kuliko wote mle ndani!

Bendi ilivyomaliza akaingia DJ na steppin, dansi ya hapahapa Chicago, wawili wawili, mnateleza mnazunguka bila papara, wazee na suti zao na viatu vinang'aa. Hapo mi nikakaa pembeni kuangalia, ile inataka darasa kwanza.

Wa Chicago mkitaka kuja, njooni na viatu vya soli ya ngozi. Raba zinang'ang'ania sakafu, kesho magoti yatawauma bure.