Kumsoma Mtoto Kabla ya Kumlea

Leo katika klabu yetu ya Jumamosi, ambamo wanafunzi hujifunza makuzi ya mtoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliuliza kwa nini mdogo wake wa miezi minane siku hizi huangua kilio akibebwa na mgeni, ilhali alipokuwa na miezi mitatu alipokezanwa na majirani wote wa uani bila kununa. Msichana huyo hushinda na mtoto kila atokapo shuleni, mama yao akiwa Feri kwenye biashara ya samaki, kwa hiyo mabadiliko hayo aliyaona kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani. Alichokosa ni sababu. Alipouliza nyumbani, aliambiwa kwamba mtoto amedekezwa.

Nilimjibu kwa furaha. Katika umri huo mtoto amekwisha kuzitofautisha sura na kuwazoea watu wachache anaowategemea, na kilio chake mbele ya mgeni ni dalili kwamba akili inakua inavyopasa. Niliwasimulia pia habari za Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefika Uganda mwaka 1954, akawa anawatembelea akina mama wa Kiganda majumbani mwao na kuwatazama watoto wachanga: wanavyotambaa mbali na mama, wanavyogeuka kumtafuta kwa macho, wanavyomrudia wakishtuka. Sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa leo duniani kuhusu mshikamano wa mtoto na mlezi wake ilianza kuonekana katika nyumba hizo za majirani zetu. Wanafunzi walitaka nirudie jambo hilo, nami nikalirudia, kwa sababu wengi wao hudhani kwamba elimu ya aina hii haituhusu.

Nchini Uingereza, makuzi ya mtoto ni somo ambalo wanafunzi wa miaka 14 hadi 16 wanaweza kulichagua. Kwetu, mada ya ukuaji katika Biolojia niliyoizoea hutaja hatua za maisha kutoka uchanga hadi uzee, kisha hupita upesi.

Mzazi mmoja aliwahi kunishauri kwa upole, "Mwalimu, mambo ya watoto wachanga tuwaachie manesi wa kliniki." Ninawaheshimu sana manesi hao, lakini siafiki. Mrija wa neva, ambao ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajatambua kwamba ni wajawazito. Asidi ya foliki, inayosaidia kuzuia kasoro za mrija huo, inatakiwa iwe mwilini kabla ya hapo. Kliniki, hata ikiwa bora namna gani, kwa kawaida humpokea mama siku hizo zikiwa zimekwisha kupita. Vivyo hivyo kwa udumavu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kudumaa huanzia ndani ya siku 1000 za mwanzo, zinazohesabiwa tangu mimba inapotungwa. Maarifa ya kuzitumia vema siku hizo yanapaswa kumfikia kijana angali darasani.

Ninasema kijana, wala sisemi msichana peke yake. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inahimiza malezi yenye mwitikio, yaani mlezi kutambua ishara za mtoto na kuzijibu. Sioni sababu yoyote ya baba kutojifunza jambo hilo. Wavulana wawili waliojiunga mwezi huu huuliza maswali mazuri kuliko nilivyotarajia, hasa kuhusu lugha na kwa nini inafaa kuongea na mtoto ambaye bado hajui kujibu.

Jumamosi ijayo kila mmoja ataleta maandishi ya nusu saa ya kumtazama mtoto mmoja akicheza, kwa idhini ya mzazi wake. Nimewakataza kutumia maneno "mtundu", "mjanja" na "mzito". Waandike alichokishika mtoto, alikitazama kwa muda gani, alimgeukia nani, na mtu huyo alimjibu vipi.