Ukucha Uliomeguka Katika Bunduki ya Mjomba

Bunduki ya mjomba wangu wa Manyoni, ambayo anaimiliki kwa leseni tangu nikiwa mtoto, ni ya chapa ya BRNO, ya risasi za kipenyo cha inchi .375, iliyotengenezwa Chekoslovakia kwa kufuata mfumo wa bunduki ya Kijerumani ya Mauser wa mwaka 1898. Kiangazi kilichopita ilianza kumgomea: kila alipovuta bolti (kile chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya mtutu) baada ya kufyatua, bolti ilirudi mikono mitupu, na ganda tupu la risasi likabaki ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa uchafu. Mjomba, alipoishiwa mafuta ya bunduki, alikuwa akiipaka mafuta ya alizeti ya jikoni (sisi watu wa kanda ya kati tunaamini alizeti haishindwi na kitu), nayo yakikaa hugeuka kama gundi, kisha yakashika vumbi. Tulitoa risasi zote, tukahakiki kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, ndipo tukasafisha. Bolti ikawa laini, lakini ugonjwa haukupona. Kwa kuwa ganda lililokwama halikuwa limevimba, na liliteleza lenyewe liliposukumwa kidogo tu kwa ufito wa kusafishia, niliacha kuilaumu chemba.

Tukatazama ukucha wa kuvutia ganda, yaani bamba refu la chuma cha springi linalolala ubavuni mwa bolti. Ncha yake ilikuwa imemeguka kipande kisichozidi punje ya uwele. Katika mfumo huu risasi hupanda kutoka kwenye magazini, yaani kisanduku cha kuhifadhia risasi, na ukingo wa kitako chake huteleza chini ya ukucha kabla haijaingia chemba. Mjomba, kwa haraka zake, alizoea kutumbukiza risasi moja kwa mkono moja kwa moja chemba na kufunga bolti, hivyo kila mara ukucha ulilazimishwa kuuruka ukingo ule.

“Kumbe mwenyewe ndiye niliyeuvunja, mjomba?” aliniuliza, maana sisi wawili huitana hivyo.

Mchomeleaji mmoja wa mtaani alijitolea kujazia ile ncha. Nilikataa, na ningekataa hata kama angefanya bure, kwa sababu moto huo huua ugumu wa chuma cha springi, na ukifika kwenye masikio ya bolti, yanayobeba nguvu yote ya mlipuko, hasara haitakuwa ya ganda tena.

Tulipeleka kazi kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Aliuinua ukucha wa zamani kutoka kwenye mfereji wake, akauzungusha pembeni, akausukuma mbele ukachomoka. Kuufunga mpya ndiko kulikomchukua muda, kwani alisugua kwa tupa mara mbili tatu, akajaribu kwa risasi bandia isiyo na baruti, akasugua tena, kwa sababu ukibana mno risasi haipandi, na ukilegea ganda huanguka kabla ya kutupwa nje. Alipomaliza, risasi bandia zilizojazwa kwenye magazini zilipanda na kurushwa nje zote, na mjomba aliomba arudie yeye mwenyewe, polepole, kuanzia ya kwanza.