Daftari la presha lililonifumbua macho

Kliniki mume wangu alipimwa presha akiwa ameketi, na kila mara tuliambiwa iko sawa. Nyumbani akiinuka kitandani hupiga hatua mbili tatu, macho yanaingia kiza, anaanguka. Mwendo ulipokuwa mzito tukaambiwa ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaofanya mwili uwe mzito. Akaanza levodopa, dawa ya ugonjwa huo, nafuu hatukuiona.

Muuguzi mmoja, namshukuru hadi leo, aliniambia: "Mama, mpime mwenyewe. Alale dakika tano umpime, kisha asimame, umpime tena ikifika dakika ya tatu. Andika." Siku ya kwanza, amelala, 158 kwa 90. Amesimama, 94 kwa 60. Nilidhani kipimo kibovu. Wiki mbili nzima ikawa hivyohivyo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 tu, tayari ni jambo la kuchunguzwa.

Daftari lile nililipeleka kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Alilisoma, akaanza kuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Mkojo? Unamtoka kabla hajafika chooni. Usingizi? Anarusha mateke na kupiga kelele akiwa ndotoni. Unyumba? Hapo tulitazamana. Nguvu zilikuwa zimemwisha miaka minne nyuma, naye akanyamaza, nami nikanuna nikiamini amenichoka.

Kumbe yote yalikuwa kitu kimoja: MSA (kirefu chake kwa Kiingereza ni multiple system atrophy), ugonjwa wa ubongo uliokuwa ukiitwa Shy-Drager kwa majina ya madaktari wawili walioueleza mwaka 1960. Protini iitwayo alfa-sinukleini hujirundika ndani ya seli zinazozitunza neva za ubongo, na sehemu zinazoendesha presha, kibofu na jasho bila sisi kuziamuru hufa kidogokidogo. Dawa ya kuuponya haipo. Nililia sana siku ile, na zaidi niliililia ile miaka minne ya kumnunia.

Tangu hapo kazi yangu ni kuilinda presha isishuke akisimama wala isipande mno akilala. Kitanda tumekiinua upande wa kichwani. Kabla hajainuka anakunywa glasi mbili za maji kwa mkupuo, anaketi kwanza ukingoni, ndipo asimame. Chakula ni kidogo kidogo, maana akishiba sana presha huanguka. Soksi za kubana zinafika kiunoni, na kuzivalisha kunanitoa jasho. Midodrini, dawa ya kupandisha presha, hanywi karibu na saa za kulala. Daktari alimwongezea hata chumvi, ndugu wakanijia juu kwamba namuua. Ilibidi niwaonyeshe daftari.

Kuanguka kumepungua sana. Lakini tangu wiki iliyopita, usiku akivuta pumzi koo linatoa mlio mkali kama filimbi. Nilishaambiwa mlio huo ni hatari, usisubiriwe. Nimeurekodi kwa simu, nimeandika saa, na kesho asubuhi tunakwenda.