Uzee hauingii kwenye modeli kwa kulegeza misuli tu

Kosa linalojirudia katika modeli za kompyuta za sakafu ya nyonga, yaani misuli inayobeba kibofu na viungo vingine vya chini ya tumbo, ni hili: mtu anachukua modeli ya mwanamke kijana, anapunguza ukakamavu wa misuli kwa nusu, kisha anayaita matokeo "uzee". Mwili hauzeeki hivyo. Nyuzi za misuli hupungua na kani ya kukaza hushuka, lakini kolajeni (protini ya nyuzi ngumu) iliyozizunguka huzidi kufungamana, na tishu ikiwa haijakazwa yaweza kuwa ngumu kuliko ya kijana. Ukakamavu wa tishu iliyotulia na kani ya kukaza viwekwe kama vigezo viwili tofauti.

Kigezo cha tatu ni msuli unaofunga mrija wa mkojo. Kwa wanawake ambao hawajawahi kuzaa, shinikizo la kuufunga mrija huo hushuka kwa takriban sentimita 15 za maji (kizio cha shinikizo) kila miaka 10, ilhali nguvu ya msuli mkuu wa sakafu hubadilika kidogo sana. Basi kama swali lako ni mkojo kuvuja, modeli isiyo na mrija huo haitakujibu, hata sakafu ikichorwa vizuri namna gani.

Kazi yenyewe huanza na picha za MRI. Omba picha za kukata mwili kwa upana na pia za kuukata wima, zinazotenga mbele na nyuma. Sehemu ya msuli mkuu wa sakafu inayotoka ubavuni mwa nyonga kwenda kifandugu ni nyembamba, ya milimita chache, tena imelala karibu bapa. Katika picha za kukata kwa upana zenye unene wa milimita 5 hupotea kabisa. Kwa wazee mafuta hupenya ndani ya msuli na kuufifisha ukingo wake. Ukiiachia programu itenganishe kwa kiwango cha weusi na weupe, msuli utatoka na matundu. Fuata ukingo kwa mkono, kipande kwa kipande; programu ya 3D Slicer inatosha, na ni bure.

Angalia pia pale msuli unaposhikana na mfupa wa kinena. Aliyezaa miaka 40 iliyopita anaweza kuwa na msuli uliong'oka hapo upande mmoja na hajui. Kwenye modeli, upande huo uachie huru. Usiushikize kwa mazoea. Kwingineko pia, ukifunga kingo zote zisisogee hata kidogo, kibofu kitashuka kidogo kuliko hali halisi. Weka springi mahali pa tishu unganishi, kisha jaribu ukakamavu wake wa chini na wa juu.

Tishu hizi zimejaa maji, hazibonyei kwa ujazo, hivyo uwiano wa Poisson (kiasi ambacho kitu hutanuka pembeni kinapobanwa) huwekwa karibu na 0.49. Hapo elementi (vipande vidogo ambavyo modeli hugawanywa) sahili zenye ncha nne hukwama: msuli unaonekana mgumu kama ubao, na wengi hulaumu data ya tishu. Tumia elementi za daraja la pili zinazokokotoa shinikizo kando na msogeo; programu ya FEBio inazo. Punguza ukubwa wa elementi kwa nusu. Mshuko wa kibofu ukibadilika zaidi ya asilimia 5, rudia tena.

Vizio navyo vina mtego. Kikohozi kikali hufika sentimita 100 za maji, yaani kilopaskali 9.8. Ukifanya kazi kwa milimita na nyutoni, andika 0.0098 (megapaskali). Ukikosea desimali moja nyonga nzima itamwagika nje, nalo ni kosa jema kwa sababu linaonekana. Lisiloonekana ni mpangilio wa wakati: kwa mtu asiyevuja, misuli hukaza muda mfupi kabla ya shinikizo kupanda. Vianzishe vyote kwa pamoja na utapata mvujo usio wa kweli.

Halafu umbo lenyewe. Mgonjwa aliyelala kwenye mashine tayari ana uzito wa viungo juu ya sakafu yake. Ukianza hapo kana kwamba hakuna mzigo, umeuhesabu mara mbili. Kokotoa kwanza umbo lisilo na mzigo, hata kwa makadirio.

Uhakiki ndio mgumu kuliko yote. Linganisha modeli na mgonjwa kwa shingo ya kibofu na eneo la mwanya wa sakafu (tundu katika misuli ambamo mrija wa mkojo, uke na puru hupita), mgonjwa akiwa ametulia na akiwa anasukuma. Kwenye ultrasaundi, mwanya unaozidi sentimita 25 za mraba wakati wa kusukuma huhesabiwa kuwa umetanuka kupita kiasi. Lakini ukizidisha shinikizo mara mbili na ukakamavu wote mara mbili, mshuko unabaki uleule. Bila shinikizo lililopimwa, unaweza kupata ulinganifu mzuri kwa tishu ambayo haipo. Mpira mwembamba uliojaa maji, usio na chuma, ukiwekwa kwenye puru wakati wa picha, hutoa namba hiyo. Uombe kabla mgonjwa hajapangiwa tarehe, maana baadaye hakuna hesabu itakayoifidia.