Mimi juisi mpira

Nina kama miezi saba sasa najifunza Kihispania kwenye simu. Mchana niko kibandani natengeneza simu za watu, usiku nikirudi Shangani nalala na iafoni masikioni. Sababu ni mpira tu, nilichoka kusikia mtangazaji wa kule anapiga kelele na mi sijui anasema nini. Nikapata jamaa wa Peru anayetaka Kiswahili, basi tunatumiana voisi, huku ikiwa saa nne usiku, kwake ndo kwanza saa nane mchana.

Sasa kuna kitenzi chao jugar, yaani kucheza. Hiyo j isome kama kh ya kheri, sisi watu wa pwani haitusumbui. Nikajiambia nikitoa ar inabaki jug, nabandika o ya "mimi", kazi imeisha, nikatuma kwa kujiamini kabisa: yo jugo al fútbol todos los sábados. Kimya. Halafu ikaja voisi ya sekunde 40, kama 35 hivi kicheko kitupu. Kumbe kwao jugo ni juisi! Yaani nimemwambia mimi juisi mpira kila Jumamosi. Inatakiwa juego, kwa sauti yetu ni khwego.

Nusu ya lawama nampa mjomba. Yeye yuko Palma, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, Kireno anakimwaga kama maji, na kwao unaandika jogo, joga, jogamos, hakuna kinachopindapinda. Vyote asili yake ni Kilatini, iocari, ila Kihispania ndo kikajifanya kina mambo mengi. Tena jugar kiko peke yake, wenzake wengi ni o inayogeuka ue, kama poder unasema puedo, dormir unasema duermo, huyu eti ana u.

Haya, nikakariri juego, juegas, juega, juegan. Siku ya pili nikatuma juegamos, yaani sisi tunacheza. Kosa tena! Ni jugamos. Hapo nilikasirika kweli, sisi tumekosa nini jamani mpaka tunyimwe hiyo ue?

Kilichonifumbua macho ni sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini. Nimekaa mkekani nawaza, mtoto wa dada akaniuliza, "Mjomba, mbona huli?" Nikamjibu, "Nakula." Halafu nikaganda na kipande mkononi. Huli, nakula. Hiyo ku imetoka wapi? Ni mkazo bwana! Sisi tunakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, na hiyo "na" haiwezi kubeba mzigo, ndo maana ku inabaki ibebe yenyewe, na-KU-la. Kwenye HU-li hiyo hu inabeba vizuri tu, ku haina kazi, inaondoka. Wahispania nao ni mulemule: mkazo ukikaa kwenye shina linavimba, JUE-go, ukisogea mbele linatulia, ju-GA-mos. Ndo maana hata "jana nilicheza" ni jugué, mkazo uko mwisho kabisa (hiyo u ya pili haitamkwi, imewekwa tu ili g isigeuke kh). Kuna wanaofundisha kwa kuchora jedwali halafu wanazungushia wale wanaobadilika, inatokea picha ya buti. Mi buti halikunisaidia kitu.

Juzi nikajiona nimeiva. Nikamsimulia yule jamaa habari za bibi yangu, mzee lakini ngoma ikilia kwenye unyago haguswi: mi abuela juega sindimba muy bien, yaani bibi yangu anacheza sindimba vizuri sana. Shina sawa, mkazo sawa, nikasubiri sifa.

Akajibu kwa heshima zote: ¿y gana? Na huwa anashinda?

Kwao ngoma ina kitenzi chake, bailar, jugar ni cha mpira na karata na michezo kama hiyo. Sisi tunacheza vyote, mpira, bao, sindimba. Ila saa hizo bando lilikuwa linakata, sikuwa na nguvu ya kuanza kumweleza, nikamwandikia tu sí, siempre gana. Ndio, anashinda kila siku.