Ramani ya Carolina Kusini ya Mwaka 1882

Yanapotajwa mabishano ya vyama vya Marekani kuhusu mipaka ya maeneo ya uchaguzi, wengi huanza na Massachusetts ya mwaka 1812. Gavana Elbridge Gerry alitia saini sheria iliyogawa upya maeneo ya seneti ya jimbo hilo, na eneo moja la kaunti ya Essex likatoka limejipinda kama mjusi, hata gazeti moja la Boston likalichora likiwa na mabawa na makucha. Chama chake kilipata viti 29 kati ya 40, ilhali wapinzani wao wa chama cha Federalist ndio waliopata kura nyingi zaidi.

Mimi huumizwa zaidi na ramani isiyozungumzwa sana, ile ya Carolina Kusini ya mwaka 1882. Watu Weusi walikuwa takriban asilimia 60 ya wakazi, na miaka 17 tu ilikuwa imepita tangu utumwa ukomeshwe. Jimbo lilikuwa limeongezewa viti katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kutoka 5 hadi 7, na chama cha Democratic, kilichotawala huko, kikachora eneo la saba kwa kuzikata kaunti vipande vipande, kuanzia pwani hadi bara, ili wapigakura Weusi wengi iwezekanavyo warundikwe humo. Hapo ndipo ulipo ukatili wa mbinu hii: kura haikatazwi, bali inaongezwa juu ya ushindi ambao tayari umepatikana, huku kwingineko ikipungua nguvu. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyotaka kila cheo kiwe na sanduku lake la kura, na karatasi iliyotumbukizwa katika sanduku lisilo lake ikawa haihesabiwi, jambo lililowaangukia hasa wale ambao utumwa uliwanyima kusoma. Katika uchaguzi uliofuata, Democratic ilichukua viti vyote sita vilivyobaki.

Robert Smalls, ambaye mwaka 1862 aliitwaa meli ya Planter katika bandari ya Charleston akatoroka utumwani pamoja na familia yake, aliwakilisha eneo hilo la saba kuanzia mwaka 1884, akashindwa katika uchaguzi wa 1886. George W. Murray, mwakilishi mwingine Mweusi wa jimbo hilo, naye aliondoka bungeni Machi 1897, na Carolina Kusini haikupata tena mwakilishi Mweusi huko hadi Jim Clyburn alipoapishwa Januari 1993.